Wahispania wa Kitabuni na Watu wa Mpakani: Uhakiki wa Insha za "Historia na Utamaduni"

Utangulizi

Katika mada za insha wanazopewa wanafunzi wa Kiswahili mwaka baada ya mwaka, haikosi moja yenye sura hii: "Eleza historia, utamaduni na jamii ya watu wa mahali fulani." Mara nyingine watu hao ni wa mbali, kwa mfano Wahispania. Mara nyingine ni wa karibu, kwa mfano Wateso, Jopadhola, Wasamia au Wagwe wanaoishi Busia na Tororo, penye mpaka wa Kenya na Uganda. Msitu ni mpya, komba ni wale wale: mada hubadilika, lakini insha inayotokea ni ile ile.

Katika makala haya tunakusudia kuuhakiki mtindo huu wa uandishi. Hatumlengi mwanafunzi wala mwandishi yeyote mmoja. Tutaanza na Wahispania, kwa sababu kwao makosa ya mtindo huu yanaonekana kwa urahisi na hayamuumizi mtu wa hapa. Kisha tutarudi mpakani, ambako makosa yayo hayo yana gharama.

Sanduku la vyumba vinne

Insha ya kawaida juu ya Wahispania ina vyumba vinne: asili, chakula, mavazi na ngoma. Katika chumba cha asili tunaambiwa kwamba Warumi walitawala, kisha wakaja Waislamu mwaka 711, kisha Granada ikaanguka mwaka 1492 na Columbus akasafiri. Katika chumba cha chakula tunakuta wali wa paella. Katika ngoma tunakuta flamenco, na mwishoni mwanafunzi hutaja mchezo wa fahali kama alama ya taifa zima.

Tukizipima sentensi hizi moja moja, nyingi ni za kweli. Tatizo liko katika neno "wao". Paella ni chakula cha Valencia kabla ya kuwa cha Uhispania. Flamenco ni sanaa ya Andalusia, kusini, na haiwezi kuelezwa bila kuwataja Wagitano, ambao kwa karne nyingi walihesabiwa kuwa wageni katika nchi waliyozaliwa. Kuhusu mchezo wa fahali, bunge la Katalonia liliupiga marufuku mwaka 2010, na Mahakama ya Katiba ya Uhispania ikaifuta marufuku hiyo mwaka 2016. Jambo ambalo insha inalitaja kuwa desturi ya wote limewagombanisha wenyewe hadi mahakamani. Mwanafunzi aliyeandika "Wahispania hupenda mchezo wa fahali" hakusema uongo, ila ameuficha ugomvi, na ugomvi huo ni sehemu ya utamaduni kama ulivyo mchezo wenyewe.

Sasa tuichukue insha ya pili, inayowahusu Wateso. Hapo pia vyumba ni vinne. Asili: walitoka kaskazini, upande wa Karamoja. Chakula: atap. Kinywaji: ajon, pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Ngoma: ajosi. Mara nyingi kuna sentensi ya tano: "Tangu jadi Wateso wanaongozwa na Emorimor." Ni hapa ambapo msomaji anapaswa kusimama. Jamii ya Wateso haikuwa na mfalme. Mambo yake yaliendeshwa kwa koo na kwa marika. Cheo cha Emorimor, kwa sura tunayoijua, ni cha miaka ya karibuni, na Augustine Osuban alisimikwa mwaka 2000. Kadhalika, cheo cha Kwar Adhola wa Jopadhola kilipata sura yake ya sasa mwishoni mwa miaka ya 1990. Hilo halivipunguzii vyeo hivi heshima. Watu wana haki ya kujiundia taasisi, hasa baada ya katiba ya Uganda ya mwaka 1995 kuwapa nafasi viongozi wa kimila. Lakini maneno "tangu jadi" yanalifuta tendo lenyewe. Yanamnyima msomaji habari ya kuvutia zaidi: kwamba watu hawa walikaa, wakashauriana, wakaamua kuwa na kiongozi.

Jina limetoka kwa nani?

Sisi walimu wa lugha tuna nafasi ambayo mwanahistoria hana. Tunaweza kuanza na jina. Hata hivyo, ni nadra kuona insha inayouliza jina la watu inaowaeleza lilitoka wapi.

Tuangalie "Kihispania". Katika Kiswahili neno hili halina utata: ni lugha ya Wahispania. Lakini katiba ya Uhispania ya mwaka 1978, katika kifungu chake cha 3, inaiita lugha rasmi ya nchi yote castellano, yaani lugha ya Kastilia, na kusema kwamba lugha nyingine za Uhispania nazo zitakuwa rasmi katika majimbo yake. Kikatalani, Kibaski na Kigalisia ni lugha za Uhispania vilevile, na Kibaski hakina udugu na Kilatini hata kidogo. Wakati wa utawala wa Franco, kuanzia 1939 hadi 1975, lugha hizi zilifukuzwa shuleni na ofisini. Kwa hiyo uteuzi wa neno katika katiba ulikuwa na uzito. Sisi tunaposema "Kihispania" tunaitumia ngeli yetu, M-WA kwa watu na KI- kwa lugha, na ngeli hiyo inatuletea nchi moja, watu wamoja na lugha moja kwa mpigo. Sarufi imefanya kazi ambayo historia haikuifanya.

Msomaji wa Busia ataona mara moja tunakoelekea. Upande wa Kenya, mtu yeyote aliyevuka kutoka ng'ambo huitwa "Mganda". Mpadhola ni Mganda, Msamia wa Samia-Bugwe ni Mganda, na Mteso wa Tororo ni Mganda hata kama shangazi yake ameolewa Amagoro. Ilhali Waganda wenyewe ni watu wa Buganda, na mtu wa Tororo ana sababu nzuri ya kutotaka kuchanganywa nao. Jina la nchi nalo lilipitia Kiswahili: Buganda, katika vinywa vya wafanyabiashara na wakalimani wa Kiswahili, iliitwa Uganda, na utawala wa Waingereza ukalitandaza jina hilo juu ya watu wengi ambao hawakuwa wa Buganda. Kwa maneno mengine, utata wa neno "Mganda" ni wa Kiswahili. Ni juu ya walimu wa Kiswahili kuushughulikia. Sisi tunapendekeza "raia wa Uganda" pale tunapozungumzia uraia, na "Mganda" libaki kwa mtu wa Buganda.

Kuna majina mengine mazito zaidi. Tororo ilikuwa ndani ya wilaya ya kikoloni iliyoitwa Bukedi. Jina hilo lilitoka kwa Waganda, nalo lilimaanisha nchi ya watu wasiovaa nguo. Budama nalo lilienezwa na watawala waliotoka Buganda pamoja na Semei Kakungulu mwanzoni mwa karne ya 20. Wenyewe hujiita Jopadhola, watu wa Adhola. Upande wa Kenya, Wateso waliandikwa katika taarifa za wakoloni kwa jina la Elgumi. Majina Bukedi na Budama yangali yanatumika, na wapo wanaoyatumia bila kinyongo. Hatusemi yafutwe. Tunasema kwamba insha inayoyatumia bila kuyaeleza inamfanya mwanafunzi arudie tusi la zamani akidhani ni jiografia. Wagitano wa Uhispania walipata jina lao kwa njia hiyo hiyo: waliofika huko katika karne ya 15 walidhaniwa wametoka Misri, na dhana hiyo ikawa jina, ingawa lugha yao inaonyesha kwamba asili yao ni India ya kaskazini.

Mpaka umepita wapi, na lini?

Mtindo tunaouhakiki huwachukulia watu na nchi kuwa kitu kimoja. Wahispania wako Uhispania. Wakenya wako Kenya. Mpaka hutajwa katika sentensi ya kwanza, mahali pa ramani, kisha husahaulika.

Mwaka 1659 wafalme wa Uhispania na Ufaransa walitia saini mkataba wa amani ulioifanya milima ya Pirenei kuwa mpaka. Bonde la Cerdanya, lenye wasemaji wa Kikatalani, likagawanywa. Mwaka uliofuata ikakubaliwa kwamba vijiji 33 vya bonde hilo viende Ufaransa. Llívia haikwenda, kwa hoja kwamba ilikuwa mji, si kijiji. Hadi leo Llívia ni ardhi ya Uhispania iliyozungukwa na Ufaransa pande zote. Wabaski nao wako pande zote mbili za milima hiyo. Insha ya "historia ya Wahispania" isiyotaja mambo haya imewaacha nje watu ambao historia hiyo iliwapitia katikati ya mashamba yao.

Kwetu, mwaka wa kukumbukwa ni 1902. Kabla ya hapo, Jimbo la Mashariki la Uganda lilifika hadi Naivasha. Mwaka huo jimbo hilo lilihamishiwa himaya iliyokuja kuitwa Kenya mwaka 1920. Wateso na Wasamia wa magharibi ya Kenya walilala wakiwa Uganda, wakaamka wakiwa kwingine, na hawakuhama hata hatua moja. Uhuru wa Uganda mwaka 1962 na wa Kenya mwaka 1963 ukaufanya mstari huo kuwa wa kimataifa.

Inafaa tuone jinsi mstari huo ulivyoingia hata katika vitabu bora. J. C. D. Lawrance, ofisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha mwaka 1957 kitabu chake The Iteso, na kichwa chake kidogo kinamtaja Mteso wa Uganda. Ivan Karp, mwanaanthropolojia, alichapisha mwaka 1978 Fields of Change among the Iteso of Kenya. Kila kimoja ni kazi ya maana, na mwanafunzi wa jamii hii hawezi kuvikwepa. Lakini tukiviweka mezani pamoja tunaona kwamba vimegawana watu wamoja kama walivyogawanywa na serikali: kimoja kimechukua upande wa magharibi, kingine upande wa mashariki. Lawrance anawaita Wateso kwa istilahi ya "Nilo-Hamitiki", ambayo wanaisimu wameshaiacha. Siku hizi tunasema lugha za Kiniloti cha Mashariki. Mwanafunzi anayenakili istilahi hiyo bila kujua hivyo ananakili pia nadharia ya rangi iliyokuwa nyuma yake.

Kwa upande mwingine, Bethwell Ogot, katika History of the Southern Luo ya mwaka 1967, aliwafuata Waluo kwa nyayo zao bila kujali bendera, na Jopadhola wakapata nafasi yao ndani ya historia hiyo. Alifanya hivyo kwa kukusanya masimulizi ya koo wakati ambapo wasomi wengi walikuwa bado wanatilia shaka masimulizi kama chanzo cha historia. Kwa walimu wa fasihi simulizi hili ni somo kubwa. Hata hivyo, uhakiki wetu lazima uwe wa haki kwa wote: historia iliyokusanywa kwa koo za Waluo humsikiliza zaidi Mluo. Mteso aliyekuwa ng'ambo ya shamba angesimulia vita vile vile vya kugombea ardhi kwa namna yake. Kitabu kizuri hakituondolei wajibu wa kutafuta sauti ya pili.

Maneno yaliyovuka

Kama majina na mipaka hutenganisha, maneno ya kawaida huonyesha yaliyoungana. Hapa ndipo insha juu ya Wahispania ingeweza kumfurahisha mwanafunzi wa Kiswahili, na hapa ndipo huwa kimya kabisa.

Kihispania na Kiswahili zote zilikaa karne nyingi kando ya Kiarabu. Wao wana azúcar, sisi tuna sukari. Wao wana aceituna, sisi tuna zaituni. Alcalde wao ni mkuu wa mji. Kwetu neno hilo hilo la Kiarabu limekuwa kadhi, hakimu. Neno lao hasta lina maana mbili: "mpaka" na "hata". Limetoka katika Kiarabu hatta, na hata yetu imetoka huko huko. Wasomaji wa maandishi ya zamani ya Kiswahili wanakumbuka kwamba hata ilitumika pia kwa maana ya "mpaka". Na ofisi ya ushuru mpakani Wahispania huiita aduana, kutokana na diwan. Diwani wetu anakaa katika baraza la mji, na diwani yetu nyingine ni kitabu cha mashairi. Mwanafunzi anayepita kila siku mbele ya ofisi za forodha za Busia anaweza kuelewa historia ya al-Andalus kwa neno hilo moja kuliko kwa aya nzima ya tarehe.

Historia yenyewe nayo ilivuka. Vitabu vyetu vya shule husema kwamba Fort Jesus ya Mombasa ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593. Ni kweli. Lakini tangu mwaka 1580 hadi 1640 mfalme wa Ureno alikuwa ndiye mfalme wa Uhispania, na ngome ile ilianza kujengwa katika enzi ya Felipe wa Pili. Watu wa pwani waliishi chini ya taji la Uhispania bila kumwona Mhispania. Na riwaya ya Cervantes, Don Quixote, inayohesabiwa kuwa kilele cha fasihi ya Kihispania, humwambia msomaji, kwa mzaha wenye maana, kwamba imetafsiriwa kutoka hati ya Kiarabu iliyonunuliwa sokoni Toledo. Ilitoka mwaka 1605, miaka michache tu kabla ya serikali kuanza kuwafukuza wazao wa Waislamu kutoka nchi hiyo, mwaka 1609. Insha inayosema "utamaduni wa Wahispania ni wa Kikristo na wa Ulaya" inakubaliana na waliofukuza.

Gharama ya insha mbaya

Huenda msomaji akauliza: yote haya yana uzito gani kwa kazi ya alama 20? Tunajibu kwa mfano wa Tororo. Mzozo wa kuigawa wilaya hiyo, kati ya Wateso wa Tororo County na Jopadhola wa West Budama, umechukua miaka mingi, na kiini chake kimekuwa mji wa Tororo uwe upande gani. Katika mzozo kama huo, sentensi "Wateso walikuja baadaye" au "Jopadhola waliingia kutoka nje" si maelezo ya chumba cha asili. Ni madai ya ardhi. Mwanafunzi anapoiandika na mwalimu akaiwekea alama ya vema, darasa lenye watoto wa pande zote mbili limesikia hukumu.

Upande wa Kenya gharama ni ya namna nyingine. Kijana wa Kiteso aliyefundishwa kwamba watu wake "wanapatikana Uganda" amefundishwa kuwa mgeni nyumbani kwake. Siku atakapoulizwa uraia wake na mtu mwenye mamlaka, swali hilo litakuwa limeandaliwa na vitabu vya shule.

Kiswahili kina nafasi ya pekee katika jambo hili, kwa kuwa ndicho lugha ambayo Mteso, Mpadhola na Msamia huwekeana bei sokoni Busia bila yeyote kuwa nyumbani zaidi ya mwenzake. Nchini Uganda lugha hii imekuwa na safari ngumu: ilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 wakati wa Amin, ikawa lugha rasmi ya pili kwa mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha itumike kama lugha rasmi na ifundishwe shuleni. Kwa watu wengi wa Uganda ilikuwa ni sauti ya askari. Iwapo sasa itaingia madarasani Tororo ikiwa imebeba insha za vyumba vinne, itakuwa imepewa kazi nyingine ya kuwaamrisha watu wao ni nani.

Pingamizi na pendekezo

Wenzetu wengine husema kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anahitaji umbo rahisi la kumwongoza, na kwamba mwalimu wa lugha si mwanahistoria. Hoja ya kwanza tunaikubali: umbo linahitajika. Hoja ya pili tunaikubali nusu. Hatuna kazi ya kuamua nani alitangulia kufika. Lakini jina, istilahi, kiwakilishi "wao" na maneno "tangu jadi" ni mambo ya lugha, na hakuna idara nyingine itakayoyafundisha kwa niaba yetu.

Kwa hiyo tunapendekeza vyumba vinne vibadilishwe kwa maswali manne. Kwanza: jina la watu hawa lilitoka kwa nani, na wenyewe hujiitaje? Pili: mpaka gani uliwapitia, mwaka gani, na nani alibaki upande upi? Tatu: ni neno gani walilolipokea kwa majirani, na lipi walilowapa? Nne: ni jambo gani wanalobishania wao kwa wao? Mwanafunzi anayeandika juu ya Wahispania atajibu kwa kusoma. Anayeandika juu ya watu wa Busia au Tororo atajibu kwa kuuliza, tena pande zote mbili, na simulizi mbili zinazopingana juu ya jambo moja azilete zote bila kuzipatanisha. Hapo mwalimu ataweza kutoa alama kwa uangalifu wa usikilizaji na usahihi wa lugha, badala ya kutoa alama kwa upande ulioshinda.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba insha za "historia, utamaduni na jamii" huteleza pale pale, iwe zinahusu Madrid au Malaba: hulichukua jina bila kuliuliza, huusahau mpaka, hunyamazia maneno yaliyovuka na huuficha ugomvi. Kwa Wahispania tunapoteza maarifa. Kwa majirani zetu tunaweza kupoteza amani ya darasa. Tunawaomba walimu watakaoyajaribu maswali haya manne muhula ujao waandike katika jarida hili jinsi yalivyowafaa au yalivyoshindikana. Tungependa zaidi kusoma kuhusu swali la nne, kwa kuwa ndilo gumu kuliko yote kuulizwa mbele ya wanafunzi wanaorudi nyumbani kwa njia tofauti.